Sinema ya Mambo ya Kweli

Wazee wa Kasongo wangali wanakumbuka sinema ya zamani ya misioni. Jua likishatua, shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, padre akawasha mashini yake, watoto wakaketi chini mbele, na wakubwa nyuma. Katika miaka ya 1950 zilizunguka katika Kongo filmu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, alizozitengeneza Padre Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut, huko Kasai. Watu walicheka mpaka machozi. Hata leo, ukitaja neno sinema mbele ya mzee wa Kasongo, kwanza hutabasamu.

Jambo hilo twalisema tangu mwanzo, maana lilitupata usiku wetu wa kwanza.

Sisi tu watu 6 wa parokia moja: walimu 2, katekista, mama mmoja muuguzi, fundi wa redio, na kijana mwenye kazi ya kuchaji simu za watu sokoni. Tangu mwaka 2022 twaonyesha filmu katika nyumba ya mikutano ya parokia, na mara nyingine katika vijiji vya njia ya Kabambare. Vyombo vyetu ni projekta ndogo, spika 2, na grupe ya umeme ya kuazima, ambayo hunywa mafuta kama wageni wa harusi wanavyokunywa pombe. Filmu zetu hazina mchezo. Ndani yake hakuna mtu anayeigiza: mwenye kamera huwaendea watu walioteswa, wakimbizi, na wale waliopona katika mauaji, akawasikiliza, akawaonyesha jinsi walivyo. Wengine huziita dokumentari. Sisi huziita sinema ya mambo ya kweli, na watu wametuelewa.

Usiku ule wa kwanza tulionyesha filmu ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Jina lake kwa Kifaransa ni En route pour le milliard, nayo ilitoka mwaka 2020. Labda baadhi yenu hamjaiona, basi tuwaeleze kidogo. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya Kisangani, mji usio wa Rwanda wala wa Uganda. Watu huviita Vita vya Siku Sita. Makombora yaliangukia nyumba za raia. Mamia walikufa, na wengi waliobaki walikatika mikono au miguu. Kwa miaka mingi walingojea malipo, wakachoka kungoja. Mwisho baadhi yao walipanda mashua kubwa, wenye magongo na wenye miguu ya kutengenezwa, wakateremka mto Kongo mpaka Kinshasa ili kudai haki yao mbele ya wakubwa. Hamadi alisafiri pamoja nao na kamera yake. Walifika mpaka mlango wa bunge, na mlango haukufunguliwa.

Basi, mtu wa kwanza mwenye magongo alipotokea juu ya shuka yetu, watoto walicheka. Mama zao hawakuwakemea, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekuja kucheka. Tangu lini watu waitwe sinema ili walie? Penye mlango palikuwa na mzee mmoja ambaye mguu wake mmoja uliishia gotini. Aliinuka, akachukua gongo lake, akapita polepole katikati ya watu wote mpaka mbele, akaketi chini pamoja na watoto. Hakusema neno. Kicheko kikakoma, wala hakikurudi.

Filmu ilipokwisha tuliuliza kama kuna mwenye la kusema. Mzee yule akasema: «Wale wa Kisangani vita vyao ni vya siku 6. Vyetu vilikuwa vya miaka 5. Tulilala porini, tukala mizizi, tukazika watoto bila sanduku. Ni nani aliyekuja kwetu na mashini yake ya picha? Au wafu wa Maniema hawana sura?»

Hatukuwa na jibu. Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 vilifika Kindu mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule, na Kasongo nayo ikatekwa. Mji ulikuwa mikononi mwa hawa, pori mikononi mwa wale, na mkulima alikuwa katikati. Gari hakuna, chumvi hakuna, dawa hakuna. Ni kinga tu zilizosukumwa kwa miguu mpaka Kindu, zimebebeshwa magunia kama punda. Mambo hayo kila nyumba ya Kasongo yayajua, lakini yamo katika vichwa vya watu tu, na vichwa vile vyazeeka.

Neno la mzee lilitukaa moyoni. Tukaanza kutafuta kwanza wengine wamefanyaje kazi hii, maana mwenye kuchonga mtumbwi wake wa kwanza huenda kutazama ule wa jirani.

Katika Rwanda, tangu Aprili mpaka Julai 1994, Watutsi waliuawa, na pamoja nao Wahutu waliokataa kuua. Umoja wa Mataifa wahesabu wafu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda yasema zaidi ya 1,000,000. Lakini picha za mauaji yenyewe ni haba sana. Mpiga filmu Nick Hughes alizipata chache kwa kujificha juu ya jengo moja la Kigali: barabara inaonekana kwa mbali, na watu wanauawa kando yake mchana kweupe, na wapita njia wanapita. Ni dakika chache tu. Kwa hiyo karibu yote ambayo dunia yayajua kwa macho juu ya mauaji yale ya kimbari, yaani kuua watu kwa ajili ya kabila lao, yametoka baadaye, katika vinywa vya waliopona. Ndiyo sababu filmu za namna hii zina uzito. Pasipo picha ya tendo lenyewe, sura ya shahidi ndiyo inayobaki.

Kisha wauaji na wasio na hatia walivuka mpaka pamoja, wakaja kwetu, nchi ikiitwa bado Zaire. Wakristu wa Kasongo hawahitaji kuambiwa Mgr Christophe Munzihirwa alikuwa nani. Alifika kwetu mwaka 1986, akawa askofu wetu, na mwaka 1994 akapelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu, miezi michache tu kabla wakimbizi hawajamiminika mjini mwake. Aliwatetea waliokuwa wanyonge kati yao, akapiga kelele juu ya vita vilivyokuwa vikija, na jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa njiani, katika mji wake wa Bukavu. Alizoea kusema kwamba yako mambo ambayo huonekana tu kwa macho yaliyokwisha kulia. Sisi tumelifikiri sana neno hilo wakati wa kutundika shuka, kwa kuwa mashini ya picha ina jicho kali, lakini jicho lile halijalia kamwe.

Kambi zilipovunjwa mwaka ule, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walikimbia kuelekea magharibi kwa miguu, wakapita misitu, wakaingia Maniema kwa upande wa kaskazini. Zaidi ya 100,000 walitua Tingi-Tingi, katika teritware ya Lubutu, tangu Desemba 1996 mpaka mwisho wa Februari 1997, wakikaa kando ya barabara ambayo ndege za msaada ziliifanya uwanja wa kutua. Kisha wakakimbia tena, kwenda Ubundu na Kisangani. Hapo ndipo Hubert Sauper, mtu wa Austria, alipowakuta. Alikuwa amepanda gari moshi la watu wa misaada katika reli ile ya kilometa 125 iliyo kati ya Kisangani na Ubundu, nao walikuwa wakiwatafuta wakimbizi waliopotea porini. Filmu yake, Kisangani Diary, ilitoka mwaka 1998, na urefu wake ni dakika 45. Ndani yake mwaonekana watu waliobaki mifupa, na watoto wasio na wazazi, wamelala kandokando ya reli. Mwezi wa Aprili 1997 kambi za Biaro na Kasese zilishambuliwa (Kasese hii ni ya njia ya reli, si ile ya Uganda), na wengi wa watu wale hawakuonekana tena. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 1 Oktoba 2010, iliyokusanya matukio 617 ya uovu mkubwa katika Kongo tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003, yayataja mashambulio hayo. Nayo yasema kuwa baadhi ya mambo waliyotendewa wakimbizi wale Wahutu, yakithibitishwa mbele ya mahakama, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo haijaundwa mpaka leo.

Filmu hii tuliionyesha mara moja tu, na usiku ule nusura watu wapigane. Bwana mmoja alipaza sauti: «Hao ndio walioleta vita kwetu, nanyi mwataka tuwalilie?» Mama muuguzi wetu akamjibu: «Baba, mtoto yule aliyelala kando ya reli alileta vita gani?» Bwana yule akanyamaza, lakini hakushawishika, nasi hatumlaumu sana. Mtu ambaye hajalilia wafu wake mwenyewe hadharani huona vigumu kuwalilia wa mwenzake.

Jambo lililotusumbua sisi lilikuwa jingine. Watu wale wa kando ya reli hawakuiona filmu yao. Sura zao zimezunguka Ulaya, zimesikitisha wengi, nao wenyewe wamekufa bila kujua. Katika hali ile Sauper angefanyaje? Asingepiga picha, hata sura zisingebaki. Lakini huyu huyu baadaye alitengeneza filmu nyingine juu ya samaki wa Mwanza, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, na hapo wenye mji walikuwa hai, wakaisikia. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea, na watu wakaandamana katika Mwanza wakisema mji wao umetukanwa. Hatuamui nani alikuwa na haki. Twaona hili tu, kwamba mtu aliyepigwa picha ana neno lake, na akipata nafasi atalisema.

Wako waliotoa nafasi hiyo kwa kusudi. Anne Aghion alikwenda mara kwa mara, karibu miaka 10, kwa watu wa kilima kimoja cha Rwanda kiitwacho Gafumba, wakati wa mahakama za gacaca, ambapo waliopona na walioua waliketi katika majani mamoja na kusemana uso kwa uso. Alitengeneza filmu moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa My Neighbor My Killer ya mwaka 2009, na filmu zake zilionyeshwa katika Rwanda yenyewe. Eric Kabera naye, Mnyarwanda aliyezaliwa huku Kongo, alitoa filmu Keepers of Memory mwaka 2004, nayo ni ya watu wanaolinda mahali pa makaburi. Tangu mwaka 2005 alianzisha sikukuu ya filmu, ambayo ilipandisha sinema vilimani kwa kitambaa kikubwa kilichojazwa hewa, ili mkulima atazame akiwa kwake na kwa lugha yake. Tulipolisikia jambo hilo la kitambaa cha hewa, fundi wetu wa redio alitamani sana. Tukamwambia kwamba shuka ya parokia yatosha.

Basi, baada ya kujifunza hayo yote, tulifanya kosa lile lile tulilokuwa tukiliona kwa wengine. Yafaa tuliseme wazi.

Katika Kabambare, kwa miaka ya karibuni, watu wenye silaha wamepigana na askari katika nchi ya dhahabu ya Salamabila, na kwa upande wa mashariki vita vya Fizi na Itombwe vimewasukuma watu kuvuka na kuingia provinsi yetu. Kiangazi cha mwaka 2023 tulikwenda kwa pikipiki 3 mpaka kijiji kimoja walikofikia watu waliofukuzwa namna hiyo. Kijiji hatutakitaja, sababu yake mtaiona. Katekista wa pale alitupeleka kwa mama mmoja Mbangubangu, mwenye umri wa miaka 60 hivi, aliyekuwa akimenya muhogo chini ya ukingo wa nyumba ya wenyeji wake. Tulimweleza habari ya mzee wa Kasongo na ulizo lake. Akasikiliza, akaendelea kumenya, akauliza: «Mashini hii itakumbuka yote nitakayosema?» Tukamjibu: «Ndiyo, mama, yote.»

Akaosha mikono, akajifunga kitambaa kichwani, akasema kwa muda wa saa 1 na dakika 10. Hakulia. Alieleza jinsi kijiji chake kilivyochomwa, jinsi walivyotembea usiku, na jinsi alivyofika peke yake. Tena akataja majina ya wafu wake, na wa jirani zake, na wa watu aliowakuta njiani wakifa, ambao walimwambia majina yao ili ayabebe. Yalikuwa majina 23. Kila jina alilitaja na jina la baba, na kijiji, kama desturi ilivyo. Tulimshukuru, tukaacha sabuni na chumvi, tukarudi.

Huko Kasongo tuliketi kuitengeneza filmu. Saa nzima ni nyingi, watu watasinzia, na mafuta ya grupe yana bei. Tukapunguza mpaka dakika 12. Tulipofika penye majina, mmoja wetu akasema: «Haya tuyatoe, maana hapa hapatokei kitu, na watu wa Kasongo hawawajui.» Sote 6 tukakubali. Tuliacha moto, na safari ya usiku, na mikono yake yenye kumenya muhogo, maana ilionekana vizuri sana. Tuliacha pia mwanzo wa filmu, ambapo njia inaonekana, na kisima, na kibao cha shule chenye jina la kijiji.

Tukaionyesha katika nyumba ya mikutano ya parokia. Watu walilia. Mzee wa gongo alitushika mikono mmoja mmoja. Tulilala tukiwa na furaha, hata na majivuno kidogo, kwa nini tufiche?

Wiki 3 hazijapita, tukaletewa ujumbe na mtu muuza mawese: «Mama anawaita.» Shemeji yake alikuwa Kasongo usiku ule, akaiona filmu, akarudi na kumsimulia. Hatukuwa tumemwambia mama kwamba tutaionyesha, wala lini, wala mbele ya nani. Njiani tulijipanga tutakavyojitetea. Tulidhani ameona haya, au jamaa wamemgombeza kwa kusema mambo ya nyumbani mbele ya wageni.

Alitukaribisha vizuri, akatupa maji. «Wanangu, nionyesheni.» Tukamwonyesha katika simu, dakika 12, ameishika karibu na macho. Ilipokwisha akangoja, kama mtu anayengoja wengine watoke nyumbani.

«Watu wangu wako wapi?»

«Mama, watu gani?»

«Wale niliowataja. Nilisema majina yao yote. Mlisema mashini itakumbuka.»

Tukamwambia kwamba filmu ilikuwa ndefu, ikabidi kufupisha. Akasema, bila hasira: «Habari zangu mimi naweza kuzisema mwenyewe, ningali hai. Sikuosha mikono kwa ajili yangu. Mmewaondoa wao, mkanibakiza mimi peke yangu tena.»

Halafu akatuuliza jambo la pili, nalo lilitutisha zaidi. Kwa nini tumeonyesha kibao cha shule? Wale waliochoma kijiji chake wana ndugu na rafiki, nao hufika Kasongo sokoni kama watu wengine. Uso wake hakujali. Alisema yeye ni mzee, na uso wake wamekwisha kuuona. Lakini wenyeji waliompokea wana watoto. Hivyo tulikata alilotaka libaki, tukabakiza alilotaka likatwe. Na yote mawili angetuambia kwa dakika 5, kama tungalimwuliza.

Tuliomba radhi. Kibao kilifutwa siku ile ile, mbele ya macho yake, na nakala ya kwanza ikafutwa kabisa. Tangu hapo hatuonyeshi sura ya mtu kabla hajaitazama mwenyewe, akituambia: hili liacheni, hili litoeni. Kazi imekuwa ya polepole mno. Bwana mmoja wa njia ya Kabambare alitusimulia mambo makubwa, na kwa kweli hatujapata kurekodi neno zito kuliko lile. Tulipomrudia akatazama yote, akasema, «Hapana, ifuteni.» Tukaifuta. Mwalimu mmoja wa kundi letu alikasirika, hakuja kwenye mkutano kwa majuma mawili. Alisema: «Siku mahakama itakapokaa, mtaleta nini? Mtaleta adabu yenu?» Neno lake si la upuuzi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya mambo ya vita, na Kisangani nayo imo. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 26 Desemba 2022 imewapa walioteswa haki ya kufidiwa. Pasipo ushahidi watafidiwaje? Hata leo hatujapatana naye kabisa juu ya jambo hili. Lakini amerudi, naye ndiye anayeandika daftari la nakala tulizoruhusiwa kuzitunza.

Filmu ya mama sasa ina dakika 19. Majina yamerudishwa yote 23. Tarehe 2 Agosti 2024, siku ambayo sheria imeiweka kuwa ukumbusho wa wafu wa vita vya Kongo, tuliionyesha tena katika Kasongo kwa ruhusa yake, naye mwenyewe alikuja, amepakiwa pikipiki, akakaa mbele pamoja na wamama wa shirika lililompokea. Fundi wetu alikuwa na wasiwasi juu ya zile dakika za majina. Na kweli, watoto walichoka, wengine wakatoka nje. Mama katika filmu akasema jina, na baba, na kijiji. Jina, na baba, na kijiji. Hapatokei kitu.

Alipofikia jina la 17 mtu mmoja wa nyuma alisimama. Alikuwa Mwislamu, fundi wa kushona nguo sokoni, wala si mtu wa kuja parokiani. Alikuwa amevutwa na rafiki yake. Akasema kwa sauti ndogo, «Huyo ni kaka yangu.» Watu wakageuka. Akarudia jina la baba, na kijiji. Kaka yake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu, tangu miaka 4 hana habari zake, na mke wa kaka alikuwa akingali kumpikia siku za sikukuu.

Tulitaka kusimamisha mashini, mama akatupungia mkono tuendelee, kwa sababu yalikuwa yamebaki majina 6. Yalipokwisha, fundi yule alipita katikati ya watu, akachuchumaa mbele yake. Akamwamkia kwa heshima, akauliza: «Mama, ulimwacha wapi?» Mama akamshika kichwa, akaanza kumweleza: mti gani, kijito gani, ni nani aliyesaidia kuchimba, na kitambaa gani walimfunika.

Sisi tulizima projekta, tukakunja shuka. Grupe tuliiacha ikiunguruma nje, ili wao wapate taa.